Weupe chini ya dekali

Swali: "Jambo sana, Mzee. Niko hapa Lubumbashi, Katuba. Natengeneza ndege ya plastiki, jeti ya Fouga Magister ya kipimo cha 1/72, nataka ifanane na zile za Katanga iliyojitenga, za mwaka 1961. Nimeipaka rangi za akriliki za Tamiya. Nilipopaka vanishi yao ya kung'aa, X-22, kwa brashi, rangi ya chini ililainika ikachanganyika nayo, basi nikaacha. Nikabandika dekali za kisandukuni, zile picha za alama zinazoloweshwa maji, moja kwa moja juu ya rangi. Zilipokauka zikawa na weupe unaometa chini yake. Mwishoni nikapuliza vanishi isiyong'aa ya kopo, TS-80, jioni moja mvua ilipokatika, na bawa moja likageuka jeupe. Kosa ni la vanishi, la dekali, au la hewa yetu? Na dekali za Katanga nikitaka kuzichapisha mwenyewe, nifanyeje?"

Jibu:

Mdogo wangu, hayo ni mambo matatu, na kila moja lina sababu yake. Hewa ya Lubumbashi ina mkono katika lile la mwisho tu, na hata hapo haistahili kubeba lawama peke yake. Dekali zako hazina kosa. Nitaanza na hizo, ingawa zilikuja katikati ya barua yako, kwa sababu ukishaelewa kilichotokea chini yake utajua kwa nini watu wanahangaika na vanishi tangu mwanzo.

Rangi za Tamiya zenye namba zinazoanza na XF hazing'ai. Ukizigusa kwa kidole ni laini, lakini ukizitazama kwa kioo cha kukuza utaona vilima na mabonde. Mwanga ukipiga hapo hutawanyika kila upande, ndiyo maana hakuna mng'ao. Dekali nayo ni utando mwembamba sana, wino juu, gundi chini. Ukiulaza juu ya vilima hivyo unashika vileleni tu, na mabondeni inabaki hewa. Maji yakishakauka, hewa hiyo inaurudisha mwanga kupitia sehemu za utando zisizo na wino, ndio ule weupe unaouona. Kwa hiyo kuongeza gundi hakusaidii, na kukandamiza kwa kidole gumba hakusaidii. Kilichonaswa pale ni hewa, na hewa hutoka ikipewa njia ama hukosa pa kukaa tangu mwanzo.

Vanishi ya kung'aa inayopakwa kabla ya dekali kazi yake ni hiyo: kujaza mabonde. Wengi wanaidharau kwa sababu wanaiona kama pambo. Wanauliza, ndege ya vita iliyochakaa ing'ae kwa nini? Lakini mng'ao huo haudumu. Utafunikwa na vanishi isiyong'aa mwishoni kabisa, na hakuna atakayejua kwamba uliwahi kuwepo. Wala hulazimiki kuipaka ndege nzima. Paka pale dekali zitakapokaa na eneo kidogo la kuzizunguka, yatosha, isipokuwa kama unakusudia pia kupitisha rangi nyepesi ya kutia kivuli kwenye mistari ya bati, ile ya maungio ya mabati. Hapo paka kote, la sivyo kivuli kitazama kwenye rangi isiyong'aa na kuacha madoa. Na kama ulitumia rangi za Tamiya zenye namba za X, zile ambazo zenyewe zinang'aa, mara nyingi huhitaji vanishi ya kwanza hata kidogo.

Sasa X-22 na brashi yako. Rangi za Tamiya ni akriliki kweli, lakini si za maji matupu. Ndani mna alkoli na viyeyushi vingine, ndiyo sababu zinanukia vile na ndiyo sababu alkoli huzisafisha kirahisi. X-22 ni ya ukoo huohuo. Ukiipaka kwa brashi juu ya ndugu yake, kiyeyushi cha vanishi kinaanza kulainisha rangi ya chini, na nywele za brashi zikirudi mara ya pili zinaikwangua. Hata ungengoja wiki, hatari ingepungua tu, isingekwisha. X-22 ni vanishi nzuri sana, naipenda, lakini ni ya kupuliza.

Kama una pistole ndogo ya kupulizia, au unaweza kuazima, izimue X-22 kwa X-20A, kiyeyushi cha Tamiya, hadi iwe nyepesi, kisha puliza pazia, yaani tabaka, jembamba ambalo halijalowa kabisa, ngoja dakika chache, puliza jingine, halafu la tatu liwe limelowa kidogo. Mapazia ya kwanza hukauka haraka na kuwa ngao. Lile la kulowa ndilo linalotandaza mng'ao. Ukianza na la kulowa, utarudia yaleyale ya brashi, tena litachuruzika kwenye ukingo wa bawa.

Huna pistole? Basi achana na X-22. Tafuta vanishi ya akriliki ya maji, kama za Vallejo. Kiyeyushi chake ni maji, na rangi ya Tamiya iliyokauka sawasawa haiyeyuki kwa maji. Tumia brashi bapa, laini, pana kuliko unavyodhani unahitaji. Chovya kidogo, pitisha mkono mara moja kutoka mwili wa ndege hadi ncha ya bawa, usirudi nyuma kurekebisha. Ukiona umeruka mahali, paache. Utapapata kesho kwenye pazia la pili. Usiizimue vanishi hiyo kwa alkoli ya farmasi kwa sababu tu alkoli ilifaa kwa Tamiya. Itaganda na kuwa uzi ndani ya kikombe.

Kuna njia mbili ambazo lazima utazisikia hapa mjini. Ya kwanza ni vanishi ya magari: kila garaji ina fundi atakayekupa kidogo kwenye chupa pamoja na diliyan yake, yaani kiyeyushi. Diliyan ya magari inayeyusha plastiki yenyewe, achilia mbali rangi. Na vanishi ile ya kuchanganywa na kigumishi ina isosianati, kemikali inayodhuru mapafu. Haipulizwi chumbani mnamolala watoto. Ya pili ni dawa ya sakafu. Ni kweli kwamba Marekani na Ulaya watu wengi wa fani yetu walitumia kwa miaka mingi maji fulani ya kung'arisha sakafu kama vanishi, nayo yalifaa kwa sababu yalikuwa akriliki. Ile nta nyekundu ya mkebe tunayosugulia sementi nyumbani si kitu hicho. Ni nta, na juu ya nta hakuna dekali wala rangi itakayoshika.

Vanishi ikishapakwa, ngoja. Kukauka kwa kugusa ni jambo moja, kukauka hadi ndani ni jingine. Mimi nawaambia vijana wanuse: weka pua karibu na bawa, ukisikia harufu ya rangi, bado. Saa 24 ni kiwango cha chini kabisa, na katika usiku wa baridi wa mwezi wa sita na wa saba ongeza siku nyingine. Usiiweke juani ili iharakishe. Plastiki hii hupinda.

Tuje kwenye kubandika kwenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye utamu.

Kata dekali moja moja, karibu na wino kadiri mkono wako unavyoruhusu. Utando unaozidi nje ya wino ndio unaoonyesha weupe, hivyo ukiupunguza umepunguza tatizo. Andaa maji ya vuguvugu. Maji ya bomba yenye chokaa huacha alama nyeupe yakikauka, na wengine huzidhania ndio ule weupe wa hewa. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa, au nunua maji safi ya kuongezea betri. Hakikisha tu muuzaji anakupa maji na si tindikali, kwa sababu chupa hukaa rafu moja.

Chovya dekali sekunde kumi au kumi na tano, itoe, ilaze juu ya kitambaa chenye unyevu. Usiiache ielee mpaka ijitenge na karatasi yake majini, maana gundi yote itabaki bakulini. Baada ya dakika moja hivi iguse kwa brashi yenye maji. Ikiteleza, iko tayari. Lowesha pale itakapokaa, leta karatasi hadi pale, sukuma dekali iteleze kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye bawa. Kuinyanyua kwa kibano ni kutafuta mikunjo. Ikishafika mahali pake, chukua kijiti cha pamba kilicholowa kidogo, kibiringishe kutoka katikati kwenda pembeni. Kibiringishe, usikiburute.

Dawa za dekali zipo za aina mbili, na watu huzichanganya. Moja huwekwa chini, kabla ya dekali: Micro Set, au Mr. Mark Setter. Inasaidia kushika na inalainisha kidogo. Micro Set inanukia siki kwa sababu ina asidi ya siki ndani yake. Ukiikosa, siki nyeupe ya jikoni iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji inafanya sehemu kubwa ya kazi yake. Nyingine huwekwa juu, dekali ikishakaa: Micro Sol, au Mr. Mark Softer. Hii ina nguvu. Inalainisha utando mpaka unaanguka ndani ya mistari na juu ya vichwa vya ribiti. Baada ya dakika chache dekali itajikunja vibaya, utaona makunyanzi, moyo utakuruka. Usiiguse! Ikikauka itajinyoosha yenyewe. Ukiigusa wakati huo itachanika, kwa sababu imekuwa laini kuliko karatasi iliyolowa. Hii ya pili haina mbadala wa jikoni ninaoweza kukushauri. Asetoni na dawa ya kuondoa rangi ya kucha vinakula plastiki.

Fouga ina sehemu mbili ngumu: mkia wake wa umbo la V, ambao haukupi bapa kubwa la kufanyia kazi, na matangi ya mafuta kwenye ncha za mabawa, ambayo ni mviringo mtupu. Dekali ya bapa juu ya mviringo itakataa pembeni. Hapo weka Micro Sol kidogo, ngoja ikauke, weka tena, ngoja tena. Mara tatu si ajabu. Pia kama kisanduku chako ni cha zamani na mistari ya bati imeinuka badala ya kuzama, hewa hujificha pembeni mwa kila mstari. Pitisha ncha ya wembe juu ya mstari ule, dekali ikatike kwa urefu wake, halafu Micro Sol iingie.

Visanduku vya zamani vina lingine. Dekali zake huwa zimegeuka manjano au zimekuwa kavu kiasi cha kuvunjika vipande majini. Kabla ya yote, jaribu moja usiyoihitaji. Ikivunjika, pulizia karatasi nzima pazia la vanishi ya kung'aa, ikauke, ndipo ukate. Vanishi itakuwa utando mpya. Kama ni manjano tu, ibandike dirishani kwa skochi, uso ukitazama nje. Jua la huku wakati wa kiangazi halina mchezo, litaifanyia kazi siku chache.

Zile ulizokwisha bandika, je? Usizing'oe. Chukua sindano nyembamba au ncha mpya ya wembe, toboa vitundu vingi pale penye weupe, weka Micro Sol juu yake, iache izame. Rudia kesho yake. Dawa itapita kwenye vitundu, ikalainisha utando, na hewa itatoka. Weupe mwingi utakwisha, si wote. Ila kwa kuwa umeshapuliza TS-80 juu yake, dawa itapenya kwa shida. Kata mikato midogo badala ya vitundu. Pakishindikana, chora upya pale kwa brashi ndogo na rangi ya mwili wa ndege, hasa pembezoni mwa utando. Kwa kipimo cha 1/72 jicho linasamehe mengi.

Dekali zote zikishakaa na kukauka usiku kucha, futa mabaki ya gundi kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu gundi iliyobaki hugeuka kahawia baadaye. Kisha pazia jingine jembamba la vanishi ya kung'aa juu ya dekali. Hili watu wanaliruka, mimi siliruki: linaficha ukingo wa utando na kuzikinga dekali na vanishi ya kopo, ambayo kiyeyushi chake ni kikali. TS-80, na TS-13 ya kung'aa, ni laka, si akriliki ya maji. Zikipulizwa nyingi kwa mara moja zinaweza kuikunja dekali iliyo wazi.

Na sasa bawa jeupe. Kinachozuia mng'ao katika vanishi isiyong'aa ni chembe ndogo za silika, nazo huzama chini ya kopo. Kopo lisipotikiswa vya kutosha, na dakika mbili si nyingi, chembe hazichanganyiki sawasawa, mara linatoa vanishi tupu, mara chembe nyingi. Chembe zikirundikana, kwa mfano pale bawa linapokutana na mwili, panakuwa peupe. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni ile jioni yako. Kiyeyushi kinapopaa kinapoza uso wa rangi, na hewa ikiwa imejaa maji ya mvua iliyokatika sasa hivi, unyevu unatua juu ya vanishi kabla haijakauka. Kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu, chagua saa kavu ya mchana, jua likiwa limekwisha kukausha uwanja, na ukae ndani penye dirisha wazi. Umeme ukikatika katikati ya kazi usiwashe jiko la makaa kando ili kupasha joto chumba. Moto na kopo la kupuliza havikai pamoja.

Kiangazi kina adui wake. Hewa ni kavu mno, vanishi inakauka angani kabla ya kufika, inatua ikiwa chembe na uso unakuwa wa kukwaruza. Sogea karibu kidogo, na kwa pistole ongeza dawa ya kuchelewesha ukaukaji. Vumbi jekundu nalo mnalijua wenyewe kule Katuba. Nyunyizia maji sakafuni kabla ya kuanza, usifagie siku hiyo, na ukimaliza tu funika ndege kwa boksi la katoni.

Bawa lako linaokoka. Ngoja siku kavu, puliza vanishi ya kung'aa juu ya weupe huo. Mara nyingi weupe unapotea palepale, kwa sababu vanishi inajaza nafasi kati ya chembe na mwanga unapita tena. Kisha rudia isiyong'aa, mapazia mawili membamba, kopo likiwa limetikiswa hasa. Ukipenda kuchanganya mwenyewe, X-21 ndiyo dawa ya Tamiya ya kuua mng'ao. Tia sehemu moja kwenye sehemu nne za X-22 au zaidi, usizidishe. Wanaozidisha ndio wanaopata unga.

Kabla hujarudia, tazama tena picha zako. Kama ndege unayoiiga ilikuwa na bati tupu au rangi ya fedha, usiipulize isiyong'aa popote. Rangi ya fedha ikiuliwa mng'ao inakuwa kijivu cha sufuria kuukuu. Vanishi ya nusu mng'ao inatosha, au ishia kwenye ile ya kung'aa. Na vioo vya marubani, vya mbele na vya nyuma, viwe vimefunikwa kwa skochi ya karatasi mpaka mwisho wa yote; pazia moja la TS-80 na hutaona tena ndani.

Kuchapisha mwenyewe kunawezekana, lakini alama hizi zina mtego wa rangi. Bendera ya Katanga ina nyekundu juu, ukanda wa kijani unaokatiza mshazari, na chini nyeupe yenye misalaba mitatu ya shaba, ile tuliyokuwa tukiitumia kama fedha zamani. Printa za kawaida hazichapishi nyeupe. Ukichapisha kwenye karatasi ya dekali iliyo wazi, pale penye nyeupe patapitisha rangi ya ndege, na nyekundu nayo itafifia. Ama nunua karatasi ya dekali yenye utando mweupe na ukate kwenye mstari kabisa, ama paka nyeupe kwanza kwenye ndege kwa umbo la bendera, halafu ubandike juu yake. Mimi nachagua njia ya pili kwa kipimo kidogo kama chako, maana utando mweupe ni mnene na ukingo wake uliokatwa unaonekana.

Printa ya wino wa maji inadai uipulizie karatasi mapazia kadhaa ya vanishi baada ya kuchapa, yakauke usiku mzima, la sivyo wino wote utabaki bakulini. Kumbuka kwamba vanishi hiyo ndiyo utando sasa, nayo imefunika karatasi yote, kwa hiyo kokote utakapokata ndipo ukingo utakapokuwa. Printa ya leza haina shida hiyo, lakini usimpelekee mwenye fotokopi karatasi ya dekali iliyotengenezwa kwa wino wa maji: leza inachapa kwa joto, utando utayeyuka ndani ya mashine yake, na atakudai bei ya mashine. Soma bahasha kwanza. Chapa alama zile zile mara kumi kwenye karatasi moja, kwa ukubwa unaotofautiana kidogo kidogo, kwa sababu karatasi haina nafuu na hutajua ipi inakaa vizuri kwenye mkia mpaka uishike pale.